Mbwa mkali kwa mwizi, mpole kwa watoto: maswali yenu ya mwezi huu

Habari zenu wapendwa. Mwezi huu meseji za mbwa zimekuwa nyingi kuliko za kuku na ng'ombe, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, nichukue mbegu gani ya mbwa ambaye usiku atalinda na mchana atacheza na watoto. Nimechagua chache ambazo zinabeba na za wengine. Naanza na ya Goba maana ina kila kitu ndani yake.

Shikamoo dokta. Tumehamia Goba mwaka huu, nyumba bado haijaisha vizuri, ukuta umefika upande mmoja tu kwingine ni michongoma, na tangu tuhamie tumeibiwa mara mbili, kwanza mtungi wa gesi halafu betri ya gari ya mume wangu. Nina mapacha wa miaka minne na mama mkwe anakuja kukaa na sisi, ana miaka 70 na kitu. Mume wangu anataka Rotwaila, shemeji anasema tuchukue Boerboel mwizi akimuona tu anakimbia, mimi wote nawaogopa naona bora Jemani. Kuna kijana anauza watoto wa mbwa barabarani, anasema ni Jemani pyua, wana wiki tano, laki nane, tukichelewa wanaisha. Nisaidie maana humu ndani tunabishana kila siku.
*Mama Mapacha, Goba*

Marahaba mama, na poleni sana na huo wizi.

Naanza na huyo kijana wa barabarani, usinunue kwake. Wiki tano ni mapema mno, mtoto wa mbwa anatakiwa akae na mama yake na ndugu zake angalau mpaka wiki ya nane, maana hizo wiki ndio anajifunza kucheza bila kuumiza, akimng'ata mwenzake kwa nguvu mwenzake analia na mchezo unaisha, akimng'ata mama yake anakaripiwa, hivyo ndivyo anavyojua meno yake yana nguvu kiasi gani. Ukimtoa mapema hilo somo atakuja kulifanyia kwenye mikono ya mapacha. Pili barabarani humuoni mama yake, na mama ndio nusu ya unachokinunua. Tatu hao watoto wanashikwashikwa na kila mtu, wanachanganywa na mbwa wa kila mahali, chanjo hawana, na parvo, kile kirusi cha kuharisha damu, inapenda mazingira ya hivyo hivyo. Unalipa laki nane Jumamosi, Jumatano anaharisha damu, na mnunuzi mwingine kesho yake anaambiwa maneno yale yale kwamba wanaisha.

Sasa mbegu. Niseme wazi mnabishania kitu ambacho ni kama theluthi ya jibu, ila tukianzie hicho hicho.

Rotwaila anatoka mji wa Rottweil huko Ujerumani, walikuwa nao wachinja nyama, anaswaga ng'ombe, anavuta kimkokoteni, anakaa na hela ya bosi wake. Ni mbwa anayejiamini, anayependa watu wake hasa, na aliyelelewa vizuri ni mtulivu mpaka unashangaa. Tatizo ni uzito, dume linafika kilo 50 na zaidi, jike kama kilo 42, na mtu wa miaka minne ana kilo 15 au 16, kwahiyo hata akigeuka tu kwa furaha mtoto yuko chini, na bibi wa miaka 70 akisukumwa kwenye ngazi ya kibarazani nyonga ikivunjika hiyo ni kesi nyingine kabisa. Halafu Rotwaila na Dobamani ni kati ya mbegu ambazo parvo inazionea sana, chanjo zake hazichezewi.

Boerboel wa shemeji ni mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini, kilo 70 anafika na anapita, alitengenezwa akae shambani peke yake aamue mwenyewe nani aingie nani asiingie. Kwa mtu mwenye eneo kubwa lenye ukuta kamili na aliyewahi kufuga mbwa wakubwa, sawa. Kwenu ambako ukuta uko upande mmoja, watoto wadogo, na ndio mbwa wenu wa kwanza, hapana mama, hapo nasimama na wewe.

Jemani Shepadi yeye alianza kama mbwa wa kondoo, mbegu ikaandikishwa rasmi mwaka 1899, na kazi ya kondoo ndio inakueleza tabia yake, siku nzima anazunguka, anaangalia, anahesabu nani yupo nani hayupo. Ndio maana anafundishika haraka na ndio maana akikosa cha kufanya anaharibika, anachimba, anabweka ovyo, anakimbiza watoto wanaokimbia na kuwabana visigino. Dume kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Manyoya yake ni ya tabaka mbili, joto la Dar analihisi, kwahiyo kivuli na maji muda wote, na manyoya atamwaga ndani ya nyumba yako kila siku ya Mungu. Cha kuuliza sana kwa Jemani ni nyonga, wengi wanarithi nyonga mbovu, na wale waliolegezwa sana nyuma mpaka mgongo unateremka ndio kabisa uwakwepe hata kama muuzaji anakwambia ndio mtindo.

Kuna na wengine mnaosikia. Dobamani ana manyoya mafupi, Dar anaimudu, ni mwepesi na anashikamana na mwenye nyumba kama kivuli, ila moyo ni ugonjwa wa ukoo wao na baridi ya Njombe au Mufindi haiwezi. Ridgeback, yule mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, ni mbwa wa huku huku kusini mwa Afrika, viwango vyake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, jua analijua, kupumzika anakujua, na kwa watoto ni mvumilivu, shida kumpata wa kweli ni kazi. Malinois, wale mnaowaona na polisi na askari wa wanyamapori, naomba familia za kawaida muwaache, yule ni mbwa wa kufanya kazi masaa kwa masaa, asipopewa kazi anajitafutia, na kazi anazojitafutia hutazipenda. Japani Spitz, kale keupe ka manyoya mengi, watu wanakadharau ila kwa kubweka ukigusa tu geti hakana mpinzani, mwizi anataka kimya, na kelele peke yake inafukuza wengi kuliko meno.

Na mbwa wetu wa kienyeji jamani. Anaitwa koko, anapigwa mawe, wakati ndio mbwa ambaye jua la hapa, kupe wa hapa na chakula cha hapa vimeshamchuja vizazi na vizazi. Mwepesi, masikio yake yanasikia mtu akiwa bado yuko kona ya barabara, nyonga nzima, na ukimlea ndani ya uzio tangu mdogo anajua watu wake ni nani. Kwa nyumba yenu mama ushauri wangu ni huu, tafuteni jike krosi ya Jemani na wa kienyeji, au Jemani jike kama mnamtaka pyua, kutoka kwenye nyumba ambayo mama mbwa anaishi na watoto wa watu. Nasema jike kwasababu ni mwepesi kidogo, hazururi kutafuta majike kwa jirani, na wengi wanatulia na watoto mapema. Akifikisha umri dokta wako atakwambia lini afungwe uzazi, la sivyo kila baada ya miezi sita hivi madume ya Goba nzima yatahamia kwenye michongoma yenu.

Mkienda kumchagua nendeni mchana, na mapacha muwabebe. Msikae sebuleni kuletewa mtoto mmoja aliyeogeshwa na kupakwa pafyumu, mwambieni mwenyeji tunataka kumuona mama yake pale anapokaa. Mtazameni. Mama mzuri atabweka mkiingia, hiyo ni kazi yake, halafu akiona bosi wake ametulia na yeye anatulia, anakuja kunusa, mkia unacheza chini chini. Akijificha nyuma ya banda anatetemeka, au akazidi kuwarukia hata baada ya mwenyeji kumtuliza, ondokeni hata kama watoto wake ni wazuri kama picha, maana woga ule unarithiwa na mbwa mwoga ndio anayeng'ata watoto. Kisha kaeni chini na watoto wa mbwa. Yule anayekuja mbio na kuning'inia kwenye suruali ya baba ndio wanaume wanampenda, mwacheni. Yule wa kona naye mwacheni. Chukueni yule anayekuja baada ya kuangalia kidogo, ukimpindua mgongo juu ya mapaja yako anapinga sekunde chache halafu analegea, dondosha funguo chini ashtuke halafu arudi kuzinusa. Funua mdomo, fizi ziwe za pinki, zikiwa nyeupe ni minyoo au kupe wamemla damu. Tumbo lisiwe gumu kama ngoma. Nyanyua mkia uone kama pasafi.

Akifika nyumbani chanjo ya parvo na homa ya mbwa inaanza wiki ya sita mpaka ya nane, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka avuke wiki ya 16, ya kichaa akifikisha miezi mitatu halafu kila mwaka. Dawa ya minyoo msisubiri muone minyoo, maana minyoo ya mbwa mdogo inawapata na watoto wanaocheza mchangani. Na kabla hamjamleta waulizeni majirani na fundi, kama kwenye hicho kiwanja kuna mbwa alikufa kwa kuharisha damu, kile kirusi kinakaa ardhini miezi mingi, sakafu na banda mkasafishe na jiki ila mchanga hausafishiki, bora mtafute mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo.

Chakula msiogope, ugali wa dona na dagaa, mapupu, vichwa vya samaki, mboga kidogo, mbwa wengi wa hapa wamekulia hivyo na wako imara. Ila dona liwe zima. Unga uliovunda ambao nyie mmeukataa msimpikie mbwa, sumukuvu inaua ini lake haraka kuliko la binadamu. Vitunguu hapana, chokoleti hapana, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Na huyu akiwa wa mbegu kubwa msimjazie maganda ya mayai na vidonge vya kalsiamu mkidhani mnamjenga, ikizidi inaharibu hiyo hiyo mifupa.

Mapacha wafundishwe mambo matatu tu, akila haguswi, akilala haguswi, hapandwi mgongoni. Na mpaka wafike umri wa akili hawaachwi peke yao na mbwa hata dakika, hata awe mpole vipi, mtu mzima awepo anaangalia na simu iko mfukoni.

Dokta habari ya kazi. Mimi niko Njiro, nina Jemani dume wa mwaka mmoja na nusu. Nilishauriwa nimfungie bandani kuanzia alfajiri mpaka saa nne usiku asizoeane na watu ili awe mkali, ukuta wa banda nimeuziba asione nje. Ni kweli amekuwa mkali, ila wiki iliyopita binti yangu wa miaka saba alipita na sahani karibu na banda akamngurumia kwa nguvu, na mimi mwenyewe siku hizi nikimfungulia ananiangalia vibaya. Mlinzi wangu anasema nimpe pilipili au bangi kidogo atamsikiliza. Nifanyeje?
*Baba Binti, Njiro*

Baba, nashukuru umeandika kabla hajamng'ata mtu. Naomba unisikilize vizuri na usikasirike.

Hii ya kumfungia mbwa gizani ndio ushauri ninaokutana nao kila mtaa, Arusha, Dar, Mwanza, watu wanapeana kama siri ya mafanikio, na ni uharibifu mtupu. Mbwa wa hivyo hajui nani ni wa nyumbani. Anayemjua ni yule anayemletea sufuria, basi, wengine wote kwake ni wageni, binti yako ni mgeni, mke wako ni mgeni. Kulinda maana yake awe na watu wake na awe na eneo lake, halafu aone kinachoingia si cha kawaida. Sasa yeye cha kawaida hakijui, kwasababu hajawahi kuona mchana kwenu kukoje, nani anakuja, muuza maziwa anapita saa ngapi, watoto wanarudi shule vipi. Mbwa anayelala kibarazani mchana anaona hayo yote, na usiku akisikia hatua ambayo haipo kwenye hesabu yake ndio anaamka. Huyo ndio mlinzi. Wako anachofanya anapofunguliwa saa nne ni kutoa machungu ya masaa 17, anabwekea paka, anabwekea upepo, na nyie mmeshazoea kelele zake mpaka siku mwizi akija hamtaamka.

Pilipili inaunguza tumbo, basi hamna kingine inachofanya, anakuwa na maumivu na mbwa mwenye maumivu anang'ata aliye karibu. Bangi kwa mbwa ni sumu, anayumba, anajikojolea, mwizi anaweza kumruka. Huyo mlinzi mwambie kwa upole tu kwamba hapana. Na ujue kabisa Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, mnyama kufungiwa na kuteswa sio jambo la mtu na nyumba yake tu.

Cha kufanya. Kwanza dokta amuangalie, nyonga, masikio, kupe, meno, maana Jemani wa umri huo akianza ukali wa ghafla mara nyingi kuna mahali panauma. Pili toboa ule ukuta wa banda weka wavu, leo leo, aone nyumba. Binti asipite karibu na banda kwa sasa na chakula asimpelekee yeye. Wewe mwenyewe asubuhi na jioni mvalishe ukanda na kamba mtoke, nusu saa nusu saa, kwa kuanzia ndani ya uwanja, sehemu za utulivu, mfukoni uwe na vipande vya nyama, kila akikuangalia usoni kwa utulivu anapata kimoja. Mkisikia akinguruma msimpige. Mngurumo ni onyo, anasema naogopa nipe nafasi, ukimpiga kila akionya atajifunza kutokuonya na siku hiyo meno yatatangulia. Angalia mwili wake, akiganda ghafla, kichwa kikashuka juu ya sufuria, weupe wa jicho ukaonekana pembeni, hapo ondoka taratibu, usimkazie macho.

Baada ya wiki kadhaa binti aanze kuonekana kwa mbali wakati mbwa anapata vile vipande, wewe umeshika kamba, kesho karibu kidogo, keshokutwa karibu tena. Usikimbize. Ikiwa hata kwa mbali anaendelea kung'aka, mtafute mtu wa kufundisha mbwa anayefundisha kwa chakula na uvumilivu, ukimuona ana fimbo mkononi mshukuru na umsindikize getini. Na ikifika mahali haiwezekani, huyo mbwa apate nyumba isiyo na mtoto. Binti kwanza.

Asalaam aleykum. Mimi ni Muislamu niko Tanga, nina duka na nyuma ndio nyumbani, vibaka wamezidi. Nataka mbwa lakini wazee nyumbani wanasema mbwa ni najisi na malaika hawaingii. Kuna mbegu ambayo haina shida sana?
*Muuza Duka, Tanga*

Waaleykum salaam ndugu yangu. Kwa mbegu hamna tofauti, hukumu ni moja kwa mbwa wote, na fatwa utaichukua kwa sheikh wako sio kwangu. Ninachojua na ninachowaambia wateja wangu wa Tanga na Unguja ni kwamba hadithi zenyewe zimetoa ruhusa kwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wa Kishafi wakalinganisha na hapo wakaruhusu wa kulinda nyumba penye haja. Peleka hilo swali kwa sheikh ukiwa na wazee wako wote, likimalizika ndani ya nyumba mbwa naye anaishi kwa amani, maana mbwa anayechukiwa na nusu ya nyumba anateseka na halindi.

Ukiruhusiwa, panga nyumba yako hivi. Mbwa ana upande wake wa uani, banda lenye paa na upepo, wavu usiozuia kuona duka na geti, vyombo vyake peke yake na ndoo yake ya maji, watu hawasali upande huo na nguo hazianikwi hapo. Manyoya mafupi, kwasababu hayamwagiki sana na joto la Tanga unalijua, kwahiyo wa kienyeji au Dobamani. Kumpenda mbwa sio lazima umpakate, ukimpigia mluzi, ukamlisha kwa saa zake, ukatembea naye kwa kamba ndefu jioni, ukamsemesha, anakujua na atakufia. Tena kuna hadithi mashuhuri ya aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, wakumbushe wazee na hiyo.

Daktari, salamu kutoka Kitengela. Mbwa wetu alimuuma kijana wa mkono anayetusaidia kazi, ni jeraha dogo tu kwa kidole. Mbwa ni wetu, hajawahi toka nje, chanjo alipata kitambo sijui mwaka gani. Jirani aliweka kitunguu na mafuta ya taa kwa jeraha. Je, tunaweza ngoja tuone kama mbwa ataugua?
*Mama wa Kitengela*

Mama, usingoje. Ukisoma hapa kama kijana bado hajaenda hospitali, acha kila kitu muende leo hata kama zimepita siku. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu hakuna dawa, anakufa, na udogo wa jeraha haumaanishi chochote, kidole kina mishipa mingi ya fahamu na mate ndio yanabeba ugonjwa. Kitunguu, mafuta ya taa, pilipili, majani, vyote havifai. Mtu aking'atwa, maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili ukiangalia saa, povu liingie mpaka ndani ya jeraha, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano, na zile sindano anamaliza zote walizompangia, asije akaacha ya katikati kwasababu anajisikia vizuri.

Mbwa msimuue na msimtoe. Mfungeni mahali salama, mtu mmoja tu amhudumie, mumuangalie siku kumi huku daktari wa mifugo anajua. Akiwa mzima baada ya siku kumi maana yake hakuwa na kichaa kwenye mate siku ile alipouma, na hospitali wataamua kuhusu sindano zilizobaki. Akibadilika au akifa kabla ya hapo piga simu kwa wa mifugo haraka wachukue sampuli ya kichwa.

Hiyo ya "hajawahi toka nje" naisikia sana. Geti linafunguliwa, mbwa wa barabarani anapitisha pua chini, wanang'atana kidogo kwenye wavu, hamkuona. Chanjo ya kichaa ni sindano moja kwa mwaka, sehemu nyingi mwezi wa tisa karibu na tarehe 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, wanachanja bure, na tukifika asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa unakosa pa kupita. Andikeni tarehe nyuma ya mlango wa jikoni kama hamna kadi. Na huyo kijana mmuulize kwa utulivu ilikuwaje, alikuwa anamuondolea chakula, anamtoa kupe, anamvuta? Wafanyakazi wa nyumbani ndio wanaokaa na mbwa kuliko mwenye mbwa, na hakuna anayewaelekeza.

Dokta pole na kazi. Huku Mwanza, Nyegezi, mbwa wetu waliwekewa sumu kwenye nyama, wote wawili wakafa usiku mmoja. Sasa tumepata mtoto wa Rotwaila wa miezi mitatu. Ataanza kulinda lini na tumkinge vipi?
*Baba wa Watatu, Nyegezi*

Poleni sana, mbwa ukimlea anakuwa wa familia na inauma.

Kubweka ataanza kwenye miezi sita hivi, ila hiyo ni sauti tu, utu uzima wa Rotwaila unakuja kwenye mwaka na nusu mpaka miwili. Msimchokoze awe mkali mapema, wala msiwaite vijana wa mtaani waje kumtisha getini ili "aamke". Huu muda wa sasa mpitisheni aone watu wengi wa kila aina, mwenye kofia, mzee wa fimbo, bodaboda, watoto wa shule, wageni wenu wakae wampe chakula mkononi mkiwa na nyie. Hamtamfanya awe mpole kwa mwizi kwa kufanya hivyo, mbwa anayejua watu wa kawaida wanavyoingia anamtambua haraka anayeruka ukuta. Nyie mpaka awe mkubwa taa ya nje iwake na mlinzi wa usiku abaki.

Kwa sumu, mzoesheni kuanzia leo kwamba chakula kinatoka kwenye chombo chake tu na baada ya kuambiwa. Mshike kamba, mtu mwingine arushe kipande cha nyama chini, akikirukia kamba inamzuia hakipati, akigeuka kukuangalia wewe anapata kizuri zaidi kutoka kwenye chombo chake. Kila siku dakika tano, badilisheni sehemu, na baadae mtu asiyemjua ndio arushe kutoka nje ya ukuta. Ale ashibe jioni kabla ya kufunguliwa. Asilale pembeni ya ukuta wa barabara, banda liwe karibu na mlango wenu ambapo nyama haifiki, na kila mara kabla hajafunguliwa mtu azunguke uwanja na tochi.

Mkimkuta anatokwa mate mengi, anatetemeka, mboni za macho zimekuwa ndogo, anajiharishia, msipoteze muda na maziwa wala mafuta, mfungeni kwenye kanga mumpeleke, sumu nyingi wanazotumia ni za kuulia wadudu shambani na dokta anayo dawa yake akiwahiwa. Namba ya dokta wa karibu anayepokea usiku itafuteni sasa, muihifadhi kwenye simu zenu wote wawili na ya mlinzi pia. Na kama hicho kipande cha nyama kimebaki, kiwekeni kwenye mfuko bila kukigusa kwa mkono mtupu, mje nacho.